Jumamosi Niliyomshinda Zaina

Siku ya tatu ya matanga ya mjomba wangu Kasimiri, mjane wake aliniita jikoni akanipa daftari. Lilikuwa limekaa miaka yote juu ya boriti, limefungwa ndani ya mfuko wa unga, na nilipolifungua lilitoa harufu ya moshi na mawese, na chini ya harufu hizo, nyingine niliyokuwa nimeisahau kabisa, ya buluu ya kufulia. Mjomba alikuwa mwalimu wa darasa la sita hapa Kasongo. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa rula, herufi zimenyooka kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi: Mashauri kwa Wenye Kucheza Inchi.

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni na daftari hilo niliposikia mwanamume mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, akiwasimulia watu waliokaa kwenye mikeka.

"Mwalimu alikuwa anatuelezaka kila mwaka habari ya mutoto mumoja," alisema. "Mutoto huyo alimukosea rafiki yake vibaya. Mwalimu akamwambia aende aseme ukweli. Akaenda peke yake, kwa miguu yake, akasema. Mwalimu alikuwa anatuambia, hata mimi mutu mukubwa sijue kama ningeweza."

Watu wakatikisa vichwa kwa kusifu. Mtoto huyo nilikuwa mimi, na sikusema.

Nilizaliwa Lusangi. Baba alikuwa amekwenda Salamabila kuchimba dhahabu, akawa anarudi mara moja moja, amekonda, na mama alibaki na mashamba ya mpunga na muhogo. Nilipofika umri wa miaka kumi walinituma Kasongo kwa mjomba, mdogo wake mama, ili nimalize shule ya msingi kwenye darasa lenye ukuta na paa la bati. Wale wa umri wangu mtakumbuka jinsi mtoto aliyetoka kijijini alivyopokelewa mjini. Walicheka viatu vyangu, wakacheka namna nilivyovuta maneno. Siku moja mvulana aliyeitwa Prosper, jirani yetu, alinipeleka mbele ya ramani kubwa ya nchi iliyotundikwa darasani akaniambia nimwonyeshe kwetu. Nikapitisha kidole kutoka Kasongo kwenda Kabambare, nikarudi, nikapitisha tena. Lusangi haikuandikwa.

"Unaona," Prosper akasema. "Kwenu hakuko."

Nilirudi kwenye benchi masikio yanawaka. Msichana niliyekaa naye akaniinamia, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeeleza jambo la kila siku, "Labda mwenye kuchora alichoka."

Huyo ndiye Zaina. Baba yake alikuwa na meza ya vitenge na chumvi sokoni, mtu wa ukoo wa Waislamu wa siku nyingi mjini, mpole, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona imechafuka. Zaina alinukia nguo mpya, ile harufu kavu ya kitenge ambacho hakijafuliwa. Tangu siku ile nilitembea upande wake wa kushoto kwenda na kurudi shuleni, na hakuna aliyecheka viatu vyangu tena mbele yake.

Mchezo wa Inchi, ndivyo tunavyotamka nchi kwetu, ulikuwa wa mjomba. Mgeni mmoja aliyepita kufundisha zamani alimwachia sanduku la mchezo wa kizungu wa kugawana nchi kwa vita na mapatano. Vipande vilikuwa vimepotea, na ramani yake ilikuwa ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepajua. Mjomba akatupa ramani ile, akapasua kartoni kubwa, akachora ya kwetu: Kasongo, Samba, Kipaka, Kibombo, Kabambare, Salamabila. Lualaba aliipaka kwa buluu ya kufulia iliyolowekwa, na kila tulipoinama juu yake ilitupaka viwiko. Lusangi aliiandika pia. Nakumbuka nilivyoitazama siku ya kwanza, mwandiko wa mtu mzima, jina zima, hakuna herufi iliyoachwa.

Tulikuwa wachezaji wanne. Mimi nilikuwa na punje za mahindi, Zaina maharage mekundu. Amisi, binamu yake Zaina aliyetupita miaka miwili, alikuwa na kokwa za ngazi, yaani za mchikichi. Prosper alichagua karanga, na jeshi lake lilipungua hata siku zisizo na vita, kwa sababu alikuwa analila. Hakukuwa na bahati wala kete. Punje moja haikuweza kuingia penye punje nyingine mpaka ipate jirani wa kuisaidia kusukuma, kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kushinda peke yake. Ilikuwa lazima upatane. Mjomba alimimina chai yake, na muda wote aliokuwa anakunywa tuliruhusiwa kwenda wawili wawili nyuma ya jiko au kwenye mpapai kunong'onezana. Alipoweka kikombe chini, kila mtu aliandika amri zake kwa biki kwenye karatasi ndogo, akaikunja. Mjomba alizikusanya na kuzisoma zote pamoja. Hapo ndipo ulipojua nani alikwambia ukweli kule kwenye mpapai.

Kabla ya kila mchezo alitupa mashauri, naye alikuwa mtu wa kutembea akifundisha, mikono nyuma, hata uani kwake mwenyewe.

"Mutu wa kwanza kuongea naye ni jirani yako," alikuwa anasema, "juu yeye ndiye anaweza kukuumiza mapema. Usigombane na wawili siku moja. Usikimbilie kuwa mukubwa kupita wote, watakuungania. Ahadi ndogo, itimize. Uongo unafanya kazi mara moja tu, kwa hiyo usiutupe juu ya kitu kidogo." Halafu alisimama, akainua kidole. "Na adui akiwa na nguvu, usimupige yeye. Kata kwanza musaada wake. Na mutu akikosa kuandika amri, mbegu zake zinasimama tu, ni kama hayuko. Kwa hiyo muandike mapema, na muandike vizuri."

Lile la mwisho alilisema kwa sababu mwandiko wetu ulikuwa mbaya. Mimi nililisikia kwa namna nyingine. Nilikuwa mtoto ambaye baba yake aliondoka bila kueleza, aliyetumwa kwa watu bila kuulizwa, na sasa kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa ananifungulia mlango na kunionyesha jinsi mambo yanavyofanyika. Sikufikiri hata kidogo kwamba maneno yale yalihusu kartoni tu. Niliamini mjomba anatueleza jinsi watu wazima wanavyoishi, na kwamba mchezo ni mahali pa kujaribia. Nilipomwona sokoni akizungumza na baba yake Zaina na kucheka, nilijiuliza wanapatana juu ya nini, na nani atamwacha mwenzake kwanza.

Mwaka ule mjomba aliamua tucheze mchezo mmoja mrefu, Jumamosi baada ya Jumamosi, kartoni ikiwekwa juu ya kabati pamoja na mbegu zake kila tulipomaliza. Mshindi, alisema, yaani mwenye kushika mahali pengi siku ya mwisho, atachagua jina la mahali pamoja, na yeye mwenyewe ataliandika kwa wino kwenye ramani ya darasani.

Sikulala vizuri wiki ile. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka wino ule.

Mimi na Zaina tulikuwa tumepatana tangu mwanzo. Maharage yake yalisaidia mahindi yangu, nayo mahindi yangu yakamlinda asishambuliwe kutoka mtoni. Katikati ya mchezo Amisi alikaribia kuniondoa Lusangi, na Zaina, karibu na mpapai, akatoa wazo. Aingie yeye Lusangi badala yangu, kwa sababu alikuwa na mbegu nyingi za kuilinda.

"Nitakushikia," alisema. "Siku ya mwisho ninatoka, unaingia wewe. Inakuwa yako."

"Kweli?"

"Ninakushikia tu. Mimi nifanye nini na Lusangi?"

Alisema akicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoniharibu. Nilikibeba kama kijiwe ndani ya kiatu. Jumamosi mbili zilipita, maharage mekundu yakiwa yamekaa juu ya jina la kwetu, na mimi nikaanza kuhesabu. Ahadi ndogo amezitimiza zote. Uongo unafanya kazi mara moja tu. Kwa hiyo, nikajiambia, ameutunza wake kwa siku ya mwisho. Nilijiona nimeng'amua jambo kubwa. Nilimtazama rafiki yangu akikwangua embe kwa meno nikaona adui mwenye akili.

Kulikuwa na kitu kimoja nilichokijua kumhusu. Zaina hakutakiwa kuwa kwetu Jumamosi. Alasiri ile ilikuwa saa ya chuo, masomo ya Kurani kwa mama mmoja. Nyumbani alisema anakwenda chuo, na chuoni alikuwa amesema bibi ni mgonjwa anamhudumia. Alinieleza hayo mwenyewe, akinishika kidole kidogo. "Amisi anajua, na wewe," alisema. "Hakuna mutu mwingine." Mjomba hakujua. Alidhani nyumbani kwao wamekubali.

Jumamosi ya mwisho nilimwambia mjomba nakwenda kununua chumvi. Soko lilikuwa limejaa harufu ya samaki mkavu na vumbi la muhogo. Baba yake Zaina alikuwa anakunja kitenge cha kijani, na nilisimama mbele ya meza mpaka akaniona.

"Nasta. Habari ya mwalimu?"

"Muzuri, baba." Halafu nikasema yote kwa mara moja, kama niliyoyakariri, na kwa kweli nilikuwa nimeyakariri. "Zaina haendake chuo siku ya Posho. Anakuja kwetu kucheza. Hata leo atakuja."

Kwetu Jumamosi tunaiita Posho. Aliendelea kukunja kile kitenge, pembe kwa pembe, mpaka kikawa mraba mdogo kabisa. Hakukasirika. Ningependa leo kusema kwamba alikasirika.

"Uliona vizuri kuniambia," alisema. "Sitasema kwamba ni wewe. Ni neno langu." Akatoa kashata ya karanga kwenye kopo lake, akanipa.

Nilirudi nikila. Ilikuwa tamu, na niliwaza kwamba nimepata mshirika mpya, mkubwa kuliko wote. Watu wazima tulikuwa tunapatana sasa, mimi na mwenye meza ya vitenge. Ndivyo nilivyoielewa kashata ile.

Zaina alikuja kama kawaida. Tukaenda kwenye mpapai wakati wa chai, akaniambia kila kitu kiko tayari, nami nikamwambia sawa. Mjomba alipoweka kikombe chini, Zaina aliandika upesi kuliko sote, akakunja karatasi yake, akaiweka pembeni mwa kartoni. Wakati huohuo tukasikia salamu kwenye ukingo wa ua. Baba yake alikuwa amesimama pale, kofia nyeupe, mikono mitupu. Alimsalimu mjomba kwa heshima, akauliza habari za nyumbani, halafu akasema, "Zaina, twende." Sauti yake haikupanda. Zaina aliinuka. Alimtazama Amisi, akanitazama mimi, akafuata.

Tulibaki watatu. Amisi akasema, "Tuache. Tutamaliza siku ingine."

"Mutu akikosa kuandika, mbegu zinasimama," nikasema mimi. "Ni kanuni."

"Aliandika," Amisi akasema.

"Lakini hayuko."

Mjomba alisitasita. Alipenda kanuni, na alikuwa ametufundisha hiyo mwenyewe. Akaichukua karatasi ya Zaina bila kuifungua, akaitia katika mfuko wa shati, akasema tuendelee. Maharage yalisimama. Prosper alinisaidia kusukuma, kwa kuwa nilimwahidi Kipaka, na mahindi yangu yakaingia Lusangi, halafu Samba. Kabla jua halijapungua nilikuwa nimeshinda. Zaina alikuwa na mbegu nyingi kuliko mimi mpaka dakika ile alipoinuka.

Kesho yake, Jumapili baada ya misa, alikuja na baba yake kumwomba mjomba radhi, kwa sababu alimdanganya yeye pia. Watu wazima wakaingia ndani. Zaina na mimi tukabaki uani karibu na jiko. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alinieleza kwamba shangazi yake wa Kabambare alikuwa akimwomba baba yake kwa mwaka mzima ampe Zaina akae naye, kwa kuwa hakuwa na mtoto, na baba yake alikuwa anakataa. Alikuwa anamjibu kwamba binti yake anasoma sehemu mbili, shuleni na chuoni, hajawahi kumwongopea, na hamwondoi popote. Sasa hakuwa tena na neno la kumjibu dada yake. Siku ya Jumanne Zaina angepanda lori.

"Na egzame?" nikauliza. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebakiza miezi michache.

"Sijue." Akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa. "Ni nani alimwambia? Baba anakataa kusema."

Hapo palikuwa na nafasi. Nimeirudia miaka yote, kuku wakipekua majivu, Zaina akinitazama kwa macho ya mtu anayemwamini aliye mbele yake. Nikasema, "Amisi alikuwa na hasira ulipomunyang'anya Samba."

Sikusema zaidi ya hapo. Sikuhitaji kusema zaidi. Niliona neno linavyoingia na kukaa.

Jumatatu asubuhi mjomba alipanda juu ya kiti darasani, na kwa kalamu nyembamba ya wino akaandika Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare, herufi ndogo nyeusi. Wanafunzi walipiga makofi. Benchi langu lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na nilikuwa nimeweka daftari zangu pale ili isionekane tupu.

Mchana tulikula wali na sombe. Mjomba akauliza, akijisemea karibu, ni nani angeweza kwenda kumwambia mtu kama yule jambo la mtoto wake. Na mimi nikamwambia. Nataka wenzangu mnielewe: sikuungama, nilijisifu. Sehemu ya moyo wangu ilikuwa imeanza kuuma, na nilidhani sifa yake itaiponya. Nikasema, "Ni mimi, mujomba. Nilikata musaada. Nilifanya hata amri yake isisomwe."

Mjomba aliacha kula. Alinawa mkono, akaupangusa polepole, akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa shati.

"Soma."

Ulikuwa mwandiko wa Zaina, wa kulala upande. Maharage ya Lusangi yanatoka, yanarudi Samba. Maharage ya Samba yanasaidia mahindi ya Nasta kuingia Lusangi. Chini yake alikuwa ameongeza kitu ambacho si amri: Ni yako.

"Mimi nilikufundisha nini?" mjomba akauliza. Hakuniuliza mimi tu. Alikuwa anakitazama kiganja chake.

Nikaanza kulia. Akasubiri nimalize. Halafu akauliza kama Zaina anajua, nikasema anafikiri ni Amisi. Akauliza kwa nini anafikiri ni Amisi. Nikainamisha kichwa, na akaelewa.

"Kesho kabla ya masomo utaenda," alisema. "Lori linapakiliaka sokoni. Utamwambia ni wewe, si Amisi. Sitakushika mukono. Nikikushika mukono, ni mimi ndiye nitakuwa nimesema."

Nilikwenda. Hilo ni kweli, nilikwenda mpaka sokoni. Lori lilikuwa limepakiwa chumvi na sabuni, na Zaina alikuwa amekaa juu ya magunia katika kitenge kipya cha njano, na mfuko wake wa shule mapajani. Wanawake wa kwao walikuwa wamemzunguka chini wakimpa mashauri ya safari. Amisi alikuwa upande wa pili, peke yake, ameshika chupa ya maji aliyotaka kumpa. Alimnyooshea. Zaina akageuza uso. Alinyoosha tena, mkono juu, na ukabaki juu mpaka dereva alipowasha injini.

Mimi nilikuwa nyuma ya meza ya muuza samaki. Ilikuwa hatua kama ishirini. Nilijiambia nitakwenda yule mama mnene akiondoka, halafu nitakwenda moshi ukipungua. Lori likaondoka. Baba yake Zaina alibaki amesimama barabarani baada ya wote kwenda, amevua kofia yake, ameishika kwa mikono miwili.

Nyumbani mjomba alikuwa ananisubiri kabla ya kengele. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Akaweka mkono juu ya kichwa changu. Ulikuwa mzito na wa moto, na alikaa hivyo kitambo. Mchezo wa Inchi hatukucheza tena.

Nimekuwa mwalimu katika mji uleule. Amisi amekuwa dereva wa moto, yaani pikipiki ya kubeba watu, na kwa miaka mingi nilipohitaji safari nilimwita yeye, nikimpita aliye karibu zaidi. Nilidhani kwa njia hiyo ninamlipa kitu. Ananiita Mwalimu, anapunguza mwendo penye mashimo kwa sababu anajua mgongo wangu. Kwenye matanga ya mjomba ndiye aliyebeba viti kutoka kanisani, na ndiye aliyekuwa ameketi karibu na yule mwanafunzi wa zamani alipokuwa anasimulia habari ya mtoto mwenye moyo mkubwa. Nilimwona akitabasamu. Hakujua kwamba hadithi ilimhusu.

Wiki moja baadaye nilimwomba anipeleke Kabambare.

"Ninakufikisha Lusangi, kwa ndugu zako," alisema. "Nitakungojea pale. Kabambare utapata moto ingine."

"Juu ya nini?"

Alikuwa anakaza mnyororo, hakuinua kichwa. "Kuna mutu kule hapendi kuniona. Ni mambo ya utoto. Lakini imekaa."

Zaina ana duka la vitenge Kabambare, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake, ambaye amekuwa mzee na haoni vizuri. Mume wake yuko Salamabila kwenye biashara. Alinitambua nikiwa bado mlangoni. Alinikumbatia, akanipa kiti, akaniuliza habari za mama, akanipa pole ya mjomba, na yote hayo aliyafanya kwa furaha ambayo ilinichoma. Egzame hakuifanya mwaka ule wala mwaka uliofuata. Alieleza hivyo bila kulalamika, akimpimia mteja kitambaa. Mteja alipotoka nikasema kabla sijapata pa kujificha.

"Zaina, aliyemwambia baba yako ni mimi. Amisi hakusema kitu."

Alikuwa ameshika mkasi. Aliuweka mezani, akaunyoosha ulingane na ukingo wa meza.

"Baba alisemaka si Amisi," alisema. "Mpaka anakufa alikuwa anasema, si Amisi. Nikafikiri anamufichia mutoto wa ndugu yake. Amisi alikuja kwa ndoa yangu. Alitoka Kasongo na kinga, anapiga pedali siku mbili. Nilimurudisha mulangoni, mbele ya watu."

Nilianza kuomba msamaha, naye akainua kiganja, si kwa hasira, kama mtu anayezuia mlango usijifunge.

"Amisi iko wapi?"

"Lusangi. Ananingojea."

"Uko na namba yake?"

Nikaitafuta, nikampa simu. Aliiweka mezani katikati yetu, sauti ikiwa wazi, na ikaita mara nyingi.

"Mwalimu," sauti ya Amisi ikasema. "Mulifika salama?"

Zaina alinielekezea kidole. "Umwambie mbele yangu."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya meza ya vitenge, habari ya maneno niliyosema karibu na jiko, na mahali niliposimama siku ya lori. Sikuweza kuyapanga vizuri. Nilipomaliza tulisikia upande wa pili mbuzi, na mtu akitwanga.

"Zaina iko hapo?" Amisi akauliza.

"Niko," Zaina akasema. Akaisogelea simu, na uso wake ukaanza kubadilika. "Niko hapa, kaka."

Nikatoka nje. Yaliyofuata hayakuwa yangu kuyasikia. Nilisimama kando ya ukuta ambako hapakuwa na kivuli, pikipiki zikipita na mitungi ya mafuta, watu wakinisalimu kwa kunidhani mteja. Mara moja nilisikia Zaina akicheka, halafu nikasikia kwamba si kicheko. Muda mrefu ulipita.

Alipotoka alikuwa na simu yangu mkononi.

"Imezimika," alisema. "Betri imeisha."

Akanipa. Hakuniambia niingie, wala hakuniambia niende zangu. Alisimama pembeni yangu kwenye jua, akitazama barabara upande wa Lusangi, na mimi sikuthubutu kumwuliza kama Amisi anakuja.